Baiskeli mbili za umeme, keria gani?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi na mke wangu tumenunua baiskeli za umeme, kila moja kilo 27, na twataka kuzibeba nyuma ya gari kutoka Nyali tukaziendeshe Diani. Gari ina ile chuma ya kuvutia trela. Fundi aniuzia keria ya kuning'iniza, nichukue?
– Msomaji, Nyali

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, usichukue hiyo tafadhali. Ile inashika baiskeli kwa fremu na nyingi za umeme fremu yake nene, haiingii vizuri, halafu kuinua kilo 27 hadi usawa wa kifua ni kujitafutia maumivu ya mgongo bure. Tafuta ya jukwaa, magurudumu yanakaa ndani ya reli na yanafungwa kwa mikanda, na kama ina kibao cha mteremko cha kusukumia baiskeli juu ndo afadhali zaidi.

Sasa hesabu, hapa ndo watu wanakosea. Baiskeli mbili kilo 54, keria yenyewe tuseme 20, jumla 74, na chuma nyingi za magari madogo mwisho wake wa kubeba ni kilo 75 au chini ya hapo. Angalia kibati cha chuma yako kilichoandikwa mwisho huo, na uzito ambao keria inakubali kwa baiskeli MOJA. Toa betri uziweke ndani ya gari, hapo umepunguza kama kilo sita.

Matuta pita polepole sana. Ukifika kwenye foleni ya feri Likoni, shuka utikise keria kwa mkono, ikicheza kaza.