App Inasema Mawingu 80%? Usifungue Netflix Bado

Kuna msomaji kaniandikia, kila akipanga kuangalia nyota app ya hali ya hewa inamwambia mawingu asilimia 80, basi anaghairi analala. Ndugu yangu, wiki iliyopita yangu nayo ilisema 80 hivyo hivyo, wenzangu kwenye grupu wakaanza kunicheka eti "nenda kaangalie mawingu", na aliyecheka zaidi ni mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kulenga darubini, hilo bado linaniuma. Nikatoka. Sayari ya Mshtarii (Jupita) nikaiona vizuri tu, mikanda yake miwili na miezi minne imejipanga pembeni, nikapiga picha nikawatumia, kimyaa!

Sasa ile 80 ni jumla. Ingia ndani utakuta imegawanywa: mawingu ya chini, ya kati na ya juu. Usiku ule ya chini yalikuwa 0, ya kati 5, 80 yote iko juu, na hayo ya juu ni chembe za barafu, kilomita 6 na zaidi huko, mara nyingi ni utando mwembamba tu ambao Mwezi na sayari angavu zinapenya. Ukitaka galaksi au nebula (yale mawingu ya gesi na vumbi angani) hapo sahau, utando huo huo unameza mwanga wao hafifu. Na 80 ikiwa ya chini, lala.

Halafu jamani acheni kulinganisha app bila kujua zinachota wapi. Nyingi zinachukua modeli ileile, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa, GFS ya Marekani, inayotoka kila baada ya saa 6, kwa hiyo app mbili za GFS zikikubaliana huna mashahidi wawili, ni yuleyule kabadilisha shati. Weka GFS na ECMWF ya Ulaya pamoja, zikipishana sana mimi simwaliki mtu. Watu mnanunua lenzi za gharama halafu dakika tano za kusoma chati hamna, mnataka kuambiwa ndiyo au hapana!

Saa mbili za mwisho kabla ya kutoka achana na utabiri, cheza picha za setilaiti za infraredi, zile zinazosoma joto, uone mawingu yanaelekea wapi. Ila usiku ukungu na mawingu ya chini kabisa hayaonekani vizuri humo, joto lake linakaribiana na la ardhi. Hapo cheki joto la hewa na kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa kulifikia umande unaanza), vikibaki na tofauti ya digrii moja mbili na upepo hakuna, ukungu unaweza kukuvamia chati bado inasema 0, na hata usipokuja lenzi italoa, kwa hiyo washa hita ya kuzuia umande kwenye lenzi mapema, usingoje nyota zianze kufifia.