Swali la Lugha: Hupasuliwa gogo au hupasuliwa mbao?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi huongoza wageni pale Zigi, kwenye lango la hifadhi ya msitu wa Amani, wilayani Muheza. Huwaeleza habari za reli ndogo iliyojengwa zama za Wajerumani kutoka Tengeni kuja kuchukua miti ya msitu huu. Nikisema "wafanyakazi walikuwa wakipasua mbao", mwenzangu hunikatiza mbele ya wageni: "Linalopasuliwa ni gogo, mbao ikipasuliwa imeharibika." Hataki pia niseme "reli ilibeba magogo", eti reli haitembei. Na vile vipande vinavyolala chini ya reli yeye huviita silipa, mimi sijui niviiteje. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na hilo la kwanza, maana ndilo linalokuvunjia heshima mbele ya wageni. Sema "kupasua mbao" wala usisite. Ndivyo wasemavyo wapasuaji wenyewe. Nenda Mafinga, nenda Njombe, panda Lushoto: utasikia "napasua mbao", "mashine ya kupasulia mbao", "kibali cha kupasua mbao". Hoja ya mwenzako ina mantiki, ila si mantiki ya Kiswahili.

Lugha yetu ina vitenzi vingi vya kazi za mikono ambavyo yambwa yake, yaani kile kinachotajwa kutendwa, ni kitu kinachopatikana mwisho wa kazi, si kitu kilichoshikwa mwanzo. Tunasema fulani anachoma mkaa. Kinachochomwa ni miti. Mkaa ndio unaotoka kwenye tanuri. Tunasema mama anachanja kuni, na hali shoka linakutana na gogo. Tunafyatua matofali, ingawa kinachoshindiliwa kwenye kibao ni udongo. Tunachimba kisima mahali ambapo hapana kisima. Mwenzako akitaka haki itendeke sawasawa, aende kwanza jikoni akamwambie mpishi aache kusonga ugali, asonge unga. Akitoka salama huko, tutaendelea kuzungumza.

Hofu yake, nadhani, imetokana na kuchanganya kauli mbili. Ingia yadi ya mbao yoyote umtazame mnunuzi mzoefu. Anaishika mbao ya mbili kwa nne, anaiinua upande mmoja hadi usawa wa jicho aone kama imepinda, kisha anageuza vichwa vyake kutafuta ufa. Akiuona ufa anairudisha: "Hii imepasuka." Akihisi ubichi mkononi anasema kingine kabisa: "Hizi zimepasuliwa juzi tu, hazijakauka." Mbao iliyopasuka ina kasoro. Mbao iliyopasuliwa imepita kwenye msumeno, kama ilivyotakiwa. Kauli ya kutendwa inamkumbuka fundi. Kauli ya kutendeka inasema jambo limetokea lenyewe, kwa jua au kwa kuanguka vibaya. Hakuna muuza mbao anayezichanganya, kwa sababu kuzichanganya ni hasara ya fedha.

"Kupasua gogo" nayo si kosa. Ukitaka kueleza kinachofanyiwa kazi, sema hivyo: "Gogo hili limepasuliwa, limetoa mbao tisa." Zote mbili zinaishi pamoja, kama "kuchoma miti" na "kuchoma mkaa", na msikilizaji anajua unamwonyesha mwanzo wa kazi au mwisho wake.

Ambalo ningemwomba mwongoza wageni aliangalie zaidi ni tofauti ya kukata na kupasua, maana hapo ndipo waandishi wa habari wa siku hizi wanapoboronga. Mti huangushwa. Ukishalala chini hupogolewa matawi, halafu hukatwa vipande, na kila kipande ni gogo. Kukata ni kupitisha msumeno kwa kukingama. Kupasua ni kuupitisha kwa urefu, kufuata nyuzi za mti. Kazi hizi mbili zilihitaji misumeno miwili tofauti, na meno yake hayakuchongwa namna moja.

Kabla ya mashine, na sehemu nyingi hata baada ya mashine, upasuaji ulifanywa na watu wawili. Gogo liliwekwa juu ya shimo, au juu ya jukwaa la miti kwenye mteremko. Uzi uliopakwa masizi ulivutwa kutoka kichwa hadi kichwa, ukabanwa, ukanyanyuliwa kidogo katikati na kuachiwa, ta! Ukaacha mstari mweusi ulionyooka. Mmoja alisimama juu ya gogo, akiuinua msumeno na kuulinda usitoke kwenye mstari. Mwingine alikuwa chini, akiuvuta. Meno ya msumeno ule huuma ukishuka tu, ukipanda haufanyi kitu. Wa chini ndiye aliyekula unga wa mbao siku nzima, machoni na puani.

Hapa nitoke nje ya swali kidogo. Tunasema "sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma". Msumeno wa kupasulia haufanyi hivyo, na ule wa seremala unaouzwa madukani kwetu hukata ukisukumwa tu. Unaokata kwenda na kurudi ni ule mrefu wa mipini miwili, wa watu wawili kuangushia na kukatia magogo: huyu anavuta, unakata, yule anavuta, unakata. Kwa hiyo methali yetu inanukia msituni kuliko karakana. Mwambie mgeni wako hivyo, atafurahi kuliko kutajiwa miaka.

Lakini miaka nayo ina kazi yake. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Njiani kote walikuwepo watu walioutazama msitu wa milimani na kuona mbao. Reli yenu ilitoka Tengeni, kwenye reli hiyo kubwa, ikapanda bonde la mto kwa kilomita 23 hivi. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya zamani ndiyo hiyo mnayopokelea wageni. Vitabu vya Kijerumani huandika "Sigi", nanyi mnaandika "Zigi". Usiwaombe radhi wageni kwa hilo. Katika Kijerumani herufi S mbele ya irabu husomwa Z, kwa hiyo Mjerumani aliyeandika Sigi alikuwa akitamka Zigi, kama ninyi.

Upande wa pili wa Usambara, kule Shume, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kampuni ya Wilkins na Wiese iliweka kiwanda cha kupasulia mbao juu mlimani, mahali walipopaita Neu-Hornow, palipokuwa na misitu ya mwangati, mti ambao wengine huuita mtarakwa. Mbao zake ni laini, zina harufu nzuri na hazichoshi kisu, ndiyo maana zilipendwa kwa kutengenezea penseli. Reli haikuweza kupanda genge lile, basi shehena ilishushwa kwa waya zilizoning'inizwa juu ya makorongo hadi stesheni ya Mkumbara, chini bondeni.

Nimeyaleta ya Shume kwa sababu ya neno "kiwanda". Wapo wanaotafsiri haraka na kuandika "kinu cha mbao". Kinu kinatwanga na kusaga. Mbao haisagwi, labda umekusudia miti ya kutengenezea karatasi! Sema "kiwanda cha kupasulia mbao", au kwa kifupi "kiwanda cha mbao" kama muktadha umekwisha kueleweka. Nyanda za Juu Kusini vimashine vidogo vya msumeno wa duara vinavyohamishwa kutoka shamba hadi shamba huitwa "ding-dong", nami siwezi kuwanyang'anya watu neno lao. Huko huko utasikia pia "kuchana mbao". Si kosa, ingawa mimi kwa habari za miaka ile ningebaki na kupasua. Kuchana kuna wepesi wa karatasi na kitambaa ndani yake, na watu wale hawakuchana kitu, walitoka jasho.

Kabla sijaondoka hapo, yatenganishe majina ya kinachosafirishwa. Mti ni ule uliosimama, au jina la jumla la zao lenyewe. Gogo limekatwa lakini bado ni duara na pengine lina magome. Msumeno ukishapita kwa urefu, kilichopo ni mbao, na vile vipande vya pembeni vilivyobaki na gome upande mmoja ni mabanzi, ambavyo hadi leo watu wa karibu na viwanda huzungushia ua na kujengea mabanda. Boriti ni neno la mikoko zaidi, la nguzo zile zilizovushwa kwa majahazi toka delta ya Rufiji na Lamu kwenda Omani na Ghuba kuezekea nyumba. Mtu akiandika "treni ilijaa boriti za mvule" nitamwelewa, lakini mpwani atakunja uso.

Haya, reli. Mwenzako anasema reli haitembei. Kweli, vyuma havitembei. Ila "reli" katika Kiswahili si vyuma peke yake, ni njia pamoja na shughuli yake yote: stesheni, injini, mabehewa, wafanyakazi. "Reli ya Kati inabeba mizigo ya nchi jirani" ni sentensi ambayo hakuna mhariri aliyewahi kuikata. Basi na "reli ilibeba magogo" ni halali. Ukitaka kutaja chombo chenyewe unaweza kusema treni au garimoshi. Kwa Zigi napendelea garimoshi, kwa kuwa moshi ulikuwepo kwelikweli. Garimoshi la umeme ndilo linalonipa taabu, lakini hilo si swali lako.

Liko neno moja ambalo ningependa uliongeze kwenye maelezo yako. Reli yenu ilikuwa nyembamba, upana wa sentimita 75 kati ya chuma na chuma, na Reli ya Usambara ilikuwa ya mita moja. Behewa la Zigi lisingeweza kuingia kwenye njia ya Tanga. Kila kilichofika Tengeni kilishushwa hapo na kupakiwa upya kwenye mabehewa mengine. Wengi wangeandika "kuhamisha mizigo", na haitoshi, kwa sababu hata mtu anayebadili chumba anahamisha mizigo. Kiswahili kina "kufaulisha": kutoa mzigo au abiria katika chombo kimoja na kuwatia katika kingine ili safari iendelee. Basi likiharibika Segera na abiria wakapandishwa jingine, wamefaulishwa. Waambie wageni wako kwamba Tengeni magogo yalifaulishwa, nao wataelewa kwa nini reli ile ilikuwa na gharama kuliko urefu wake.

Nimebakiza silipa. Ni neno la Kiingereza, "sleeper", yaani mlalaji, lililovalishwa kanzu, na wafanyakazi wa reli wamelizoea, kwa hiyo simlaumu mwenzako. Lakini tunalo letu: taruma, wingi mataruma. Tena si neno lililobuniwa na kamati. Lilitoka kwa mafundi wa vyombo vya baharini. Taruma ni kipande cha mti kinachokaza jahazi kwa ndani, kikishikilia mbavu zisitawanyike bahari inapochafuka. Chini ya reli kazi ni hiyo hiyo: taruma linashika vyuma viwili visiachane upana na linatawanya uzito wa garimoshi juu ya kokoto. Yeyote aliyelihamisha neno hilo kutoka majini kwenda nchi kavu alikuwa ameitazama kazi ya kile kipande, hakuangalia kimetengenezwa kwa nini. Ndiyo maana neno halikupata shida vifaa vilipobadilika. Yapo mataruma ya mti, yapo ya chuma, ambayo wajenzi wengi wa reli katika nchi za joto waliyachagua kwa kuwa mchwa hali chuma, na sasa kwenye habari za reli ya SGR unasoma kila siku "mataruma ya zege". Silipa ya zege ingefaa pia, lakini ingeleta picha ya mtu aliyelala.

La mwisho hukuuliza, ila limo katika maneno ya mwenzako: "mbao ikipasuliwa imeharibika". Kwa sarufi sanifu kitu kimoja ni ubao: ubao mmoja, mbao mbili, ubao huu, mbao hizi. Sokoni watu wamekwisha kuigeuza ikawa "mbao moja, mbao hii", kwa sababu ubao umebaki wa shuleni na wa matangazo. Nami juu hapa nimemwachia mnunuzi wangu aseme ya sokoni, kwa kuwa ndivyo anavyosema. Kwenye bango la hifadhi andika ya sanifu. Ukiwa umesimama na wageni kwenye mlango wa stesheni, sema itakayokutoka. Na ukimpata mgeni kutoka Nairobi, jua kwamba kwake mbao ni shilingi 20.