Nimeze vitamini ngapi ganzi iishe?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 46, ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mwezi wa tatu nilimaliza dripu 12 za paklitakseli kwa saratani ya titi. Nashukuru Mungu vipimo ni vizuri, ila vidole vimekufa ganzi na usiku nyayo zinawaka moto. Juzi kandambili ilinivuka njiani, nikafika gengeni bila kujua. Uzi ananipitishia binti yangu. Duka la dawa walinipa vidonge vya vitamini B, kila kimoja kina miligramu 200 za B6. Nameza viwili kwa siku, ni mwezi wa nne sasa tangu nianze, na ganzi imepanda hadi vifundoni. Niongeze cha tatu? Nina sukari pia, metfomini natumia mwaka wa 9 sasa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiongeze. Na hivyo viwili, viache leo.

Imani yetu kwa B6 ina chanzo chake, nami nimeshiriki kuieneza. Miaka mingi niligawa dawa kwenye kliniki ya kifua kikuu. Isoniazidi, dawa ya ugonjwa huo, humpunguzia mgonjwa B6 mwilini, ndiyo maana tulimpa na kidonge kidogo cha vitamini hiyo, miligramu 10 hadi 25, na mikono yake ikasalimika. Watu wakaona, wakaambizana: ganzi dawa yake B6. Lakini paklitakseli haili B6. Inaharibu vijibomba vilivyo ndani ya mshipa wa fahamu, vile vinavyosafirisha mahitaji yake kutoka mgongoni hadi ncha za vidole. Mishipa mirefu ndiyo huumia kwanza, kwa hiyo vidole vya miguu na mikono hutangulia. Vitamini haizibui vijibomba hivyo.

Tena B6 ikizidi, yenyewe huua mishipa ya fahamu, na dalili zake ni hizo hizo ulizoniandikia. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku, wakapoteza hisia za miguu na mikono. Wapo walioumia kwa dozi ndogo kuliko hizo, na mwaka 2023 Ulaya ilishusha kikomo cha mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku. Wewe unameza 400. Ukiacha, dalili zinaweza kupanda wiki chache kabla hazijaanza kushuka, kwa hiyo usiogope ukarudi dukani.

Kilichonishtua zaidi ni mstari wako wa mwisho. Metfomini ikitumika miaka mingi hupunguza B12, na upungufu wa B12 pekee unatosha kuleta ganzi na kuwaka moto. Sukari nayo huleta hayo. Usiache metfomini, ila nenda kwa daktari wako wiki hii, mwambie kwa maneno haya: “Naomba kupimwa B12, natumia metfomini mwaka wa 9.” Ikiwa imepungua, hapo vitamini ni tiba kweli, kwa sindano au vidonge vya B12 peke yake, visivyo na B6. Beba na kopo la vidonge ulivyokuwa unameza.

Kuhusu maumivu ya usiku, muulize habari za duloksetini. Ndiyo dawa pekee ambayo chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2020, kiliikubali kwa maumivu ya namna hii. Husaidia maumivu kuliko ganzi, na lazima aangalie presha, ini na dawa zako nyingine. Ukiuziwa kirutubisho cha asetili karnitini, kataa. Katika utafiti uliotolewa 2013, wanawake 409 wenye saratani ya titi kama yetu walifuatiliwa, na waliopewa hiyo ndio walioishia na ganzi kubwa zaidi.

Nasema “yetu” kwa sababu nami nilimaliza dripu zangu Novemba 2017. Nilichoma kidole kwenye jiko la mkaa, nikajua kwa harufu. Tangu siku hiyo maji ya kuoga napima kwa kiwiko, na kila usiku nakagua nyayo kwa kioo. Wewe mwenye sukari usikose hata siku moja. Kandambili ziweke kando, vaa viatu vilivyofungwa. Nilitembea asubuhi, na jioni nilichambua choroko kwa vidole, taratibu, hata nilipokuwa siioni faida. Mshipa wa fahamu hukua kama milimita 1 tu kwa siku. Kushika kifungo nilianza tena baada ya miezi kumi hivi, ila kidole gumba cha mguu wa kushoto hakijarudi mpaka leo.

Kazi usiache, mwanangu. Vaa subana, shona mishono mirefu ya mashine kwanza, vifungo mwachie binti. Ukipata karatasi ya B12, niandikie namba iliyopo.