Maganda ya mgomba kubanduka kwenye picha

Dada, umeuliza kwa nini maganda ya mgomba yanabanduka kwenye ubao wa picha yako ya kubandika vipande ilhali vipande vya kitenge vimeshika vizuri. Mimi naona si gundi, ni unyevu. Ganda huonekana kavu kwa nje, kumbe ndani lina vijitundu vilivyotunza maji. Likija kukaukia ukutani linasinyaa, kingo zinajikunja, linaachia. Na masika ya hapa Moshi, kulianika barazani hakutoshi kabisa.

Lipasue, bandua lile tabaka laini la nje linalong'aa, kisha lipige pasi ya moto mdogo katikati ya karatasi mbili hadi ukilikunja lilie kavu. Paka gundi nyeupe ya maseremala, nyembamba, kwenye ubao na kwenye ganda pia, halafu kandamiza kwa vitabu usiku kucha. Hapo linashika kweli, na ile michirizi yake ya kahawia inapendeza mno!

Ila nimeona chini umepaka rangi ya mafuta. Akriliki, yaani rangi ya kuchanganywa na maji, ukiipaka juu yake itabanduka tu. Anza na akriliki, mafuta yaje juu.