Jibu: Tungnath mwezi Januari, hekalu liko wazi?

Ndugu, umeuliza kama ukipanda Tungnath Januari utaingia hekaluni. Hutaingia. Hekalu hilo la Shiva, mungu wa Wahindu, lililo mita 3,680 juu huko Uttarakhand, India, hufungwa kabla theluji haijakolea, na sanamu ya mungu hushushwa kwa msafara hadi kijiji cha Makkumath. Ibada huendelea huko hadi Aprili au Mei. Kama unakwenda kuabudu, Makkumath ndiko. Kama unataka mlima, basi panda tu. Utakuta mlango una kufuli na theluji imejaa uani.

Kwa kuwa umesema umewahi kulala kambi ya Horombo pale Kilimanjaro, urefu huu si mgeni kwako. Kinachosumbua ni njia. Kutoka Chopta, njia ya kupanda inakoanzia, ni kilomita kama 4 za mawe yaliyopangwa, lakini Januari huyaoni. Asubuhi barafu ni ngumu kama kioo, mchana inalainika unazama hadi magoti. Vaa vyuma vya meno chini ya viatu. Wanakodisha, ila kagua mipira yake ya kushika kiatu, yangu ilikatika nikashuka nusu ya njia kwa makalio.

Chupa ya maji ibebe kichwa chini, maji huanza kuganda juu, kwa hiyo mdomo hauzibi. Simu weka kifuani ipate joto.

Barabara ya kufika Chopta kutoka mji wa Ukhimath nayo huziba theluji ikimwagika, hivyo tenga siku mbili za ziada. Chandrashila, kilele cha juu yake, usiende bila mwenyeji.