Ule mstari mweupe nyuma ya ndege ni moshi au dawa?

SWALI: Fundi, mwanangu yuko darasa la pili, tunakaa Dodoma. Kila ndege ikipita juu sana ikaacha mstari mweupe ananiuliza ule ni moshi? Jirani kamwambia wanamwaga dawa. Nimjibuje?

JIBU: Dada, mwambie sio moshi wala dawa, ni barafu. Atabisha tu, na ana haki, jua la Dodoma lote hilo halafu mama anamwambia kuna barafu juu! Anza hapo hapo. Ndege za safari ndefu zinapita kama kilomita 11 juu, karibu mara mbili ya Kilimanjaro, na huko baridi inafika nyuzi 40 chini ya sifuri na kuzidi.

Sasa njoo kwenye mafuta. Mafuta ya ndege ni ndugu na mafuta ya taa, na yakiungua yanatoa maji, ndio, maji, kilo moja ya mafuta inatoa zaidi ya kilo moja ya mvuke kwa sababu haidrojeni ya kwenye mafuta inaungana na oksijeni ya hewani. Mvuke unatoka kwenye injini wa moto, hauonekani, ukikutana na baridi ile unashikana na vimasizi vidogo vya injini na kuganda hapo hapo. Kama mshawahi kwenda Makete mwezi wa saba, asubuhi ukihema si unaona mvuke mdomoni, ndo hivyo hivyo ila huku unaganda kabisa.

Halafu mwambie aangalie mstari unapoanzia. Haugusi ndege! Kuna kauwazi nyuma ya injini, hapo mvuke bado haujapoa. Watoto hiki wanakishika haraka kuliko maelezo yangu yote, na wengine wanaanza kuhesabu mistari wajue injini ni mbili au nne.

Jirani naye nadhani kinachomtia wasiwasi ni kwamba siku nyingine mstari unafutika fasta, siku nyingine unabaki unatanuka mpaka unakuwa kama wingu. Ni hewa tu hiyo, ikiwa kavu barafu inapotea, ikiwa na unyevu mwingi inakaa. Ndege za kumwagia dawa mashamba zipo kweli, ila zinaruka chini kabisa karibu na mazao, dawa ya kumwagwa kilomita 11 juu ingeishia kwenye upepo, shamba gani ingelipata?

Na akiuliza mbona zinazotua hapo Dodoma hazina mstari, huku chini kuna joto, mvuke haugandi.