Maboksi 200 nyuma ya karatasi za fotokopi

Nina kibanda cha stesheneri Mwenge, Dar es Salaam. Fotokopi, kuchapa barua, laminesheni, picha za pasipoti. Karatasi zinazoharibika kwenye mashine sizitupi: nageuza upande mweupe, nachora. Mwaka wa nne huu. Wateja wanaosubiri kazi zao huchungulia, wakakuta ukurasa mzima umejaa mistari na maboksi matupu, hapo maswali yanaanza. Ni yaleyale kila wiki, basi nimeona niyaandike nipumzishe koo.

La kwanza: "Kaka, kwani kuchora si kipaji?" Sibishani. Najua tu kwamba shuleni nilichora panzi kwenye daftari la baiolojia, mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Hii ni nini?" Kama kipaji kingekuwa ndiyo tiketi ya kupanda, mimi ningebaki kituoni.

La pili linaulizwa kwa sauti ya chini: "Si nimeshachelewa?" Dada mmoja wa miaka 31 aliniuliza hivyo. Nikamwambia Vincent van Gogh, yule mchoraji maarufu wa Uholanzi, aliamua kuwa msanii mwaka 1880, ana miaka 27, na kazi aliyoanza nayo ni kunakili karatasi za mazoezi za Mfaransa Charles Bargue, mchoro baada ya mchoro, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mwaka 1890, miezi michache kabla hajafa, aliziomba tena ili azirudie. Dada akalipia fotokopi zake akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi kununua peni.

Naam, peni. Wengi huja wakitafuta penseli za bei na raba ya kufutia. Mimi huwapa peni ya kawaida, ile ya kuandikia risiti. Kwa picha unayotaka kuiweka ukutani tumia unachopenda, lakini kwa mazoezi, raba inakufundisha uvivu: unachora hovyo ukijua utafuta. Wino haufutiki, kwa hiyo unalazimika kufikiri kabla mkono haujashuka. Hapa Mwenge tuna wachonga vinyago. Kaa nao nusu saa uone wanavyoligeuzageuza gogo kabla ya kulipiga tezo, maana kipande kikishakatika hakirudi.

Sasa mstari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokata tamaa siku ya kwanza. Mtu anachora mstari wa sentimita 15, unatoka kama njia ya sisimizi, anasema mkono wake unatetemeka. Mara nyingi hautetemeki. Kosa ni kwamba anachora kwa kifundo cha mkono, kama anavyoandika, na kifundo kina nafasi ndogo ya kuzunguka. Kikifika mwisho wake mstari unapinda. Chora kutoka begani. Kiwiko kisilale mezani, mkono wote utembee. Mwanzoni utajiona kama unafagia uwanja.

Kosa la pili ni kuuongoza mstari ukiwa njiani. Weka nukta mbili. Pitisha peni hewani kutoka moja hadi nyingine mara tatu, nne, mpaka mkono uizoee njia, kisha shusha peni upige mara moja bila kusita. Ukikosa nukta ya pili, haidhuru. Mstari ulionyooka ukapita pembeni ni bora kuliko uliofika huku umepindapinda, kwa sababu shabaha itakuja yenyewe, ila tabia ya kusitasita ikishaota mizizi ni kazi kuing'oa. Na usirudie juu ya mstari ulioharibika ili "kuurekebisha". Unaufanya kuwa mnene tu, kila mtu auone.

Rula? Kwenye mazoezi hapana, kwenye kazi ruksa. Huyohuyo Van Gogh, akiwa mji wa The Hague, Uholanzi, mwaka 1882, alitengenezewa fremu ya kuchungulia mandhari ili apate vipimo vya karibu na mbali. Hakuna aliyemwita mwizi.

Kisha maboksi, na hapa wateja ndipo huguna. "Boksi la nini, mimi nataka kuchora sura ya mama yangu." Sawa. Lakini kichwa kina mbele, ubavu na juu, kama boksi. Usipojua ubavu unaanzia wapi, pua utaibandika kama stempu kwenye bahasha.

Ninavyofanya mimi: naanza na mistari mitatu inayotoka nukta moja, kama herufi Y. Hiyo ni kona iliyo karibu nawe. Kutoka hapo naongeza mingine hadi boksi likamilike. Umesimama katikati ya reli, unaona vyuma viwili vinakaribiana kadiri vinavyokwenda mbali; mistari ya boksi inafuata sheria hiyohiyo. Boksi lina makundi matatu ya mistari minne minne, na kila kundi lielekee kukutana mahali pamoja huko mbali. Ukimaliza ukurasa, chukua peni nyekundu, refusha kila mstari kuelekea kule unakotokomea. Hapo ndipo aibu inapofichuka: mitatu inakutana vizuri, wa nne umekwenda zake kama abiria aliyeshuka kituo kisicho chake. Usifute. Tazama ni upi uliokengeuka, boksi linalofuata mwangalie huyo. Bila ile peni nyekundu, unaweza kuchora maboksi 1,000 ukawa unarudia kosa moja mara 1,000.

Nilichora 200, nikiyapa namba. La 1 na la 60 hayana tofauti kubwa, niseme ukweli. Karibu na la 120 nilianza kuliona boksi kabla sijalichora.

"Nirudie zoezi mpaka lini?" Hapa nina kovu langu. Nilijiwekea sharti kwamba sitachora kitu chochote cha maana mpaka mistari yangu iwe safi kabisa. Miezi minane nikawa mtu wa mistari na maduara. Siku binamu yangu aliponiomba nimchoree bodaboda yake, nikakaa mbele ya karatasi kama sijawahi kushika peni. Sikujua nianzie wapi. Tangu hapo nimegawa muda wangu: nikipata saa moja, nusu ni mazoezi, nusu nachora ninachokitaka, hata kikitoka vibaya. Zoezi nikilielewa na nikaona makosa yangu ni yapi, nasonga mbele. Kulirudia narudia, lakini kama kupasha mwili moto, dakika 10 asubuhi kabla wanafunzi hawajaja na fotokopi zao.

Ile bodaboda ndiyo iliyonifundisha duaradufu. Gurudumu ni duara, lakini ukilitazama kwa pembeni linakuwa duara lililobanwa, na mimi nilikuwa nayabana kwa kubahatisha, kwa hiyo pikipiki ilionekana imegongwa na fuso. Siri ilikuwa kwenye ekseli. Chora kwanza mstari wa ekseli, ule unaopita katikati ya gurudumu kutoka upande hadi upande. Kisha duaradufu ikae hivi: upana wake mwembamba ulale juu ya mstari huo, na urefu wake uukate kwa pembe mraba. Jaribu kwa sufuria au ndoo pia. Shusha ndoo chini ya macho yako uone mdomo unavyozidi kufunguka, ipandishe hadi usawa wa macho uone ukibaki mstari mtupu.

Binamu nilimchorea mara tatu. Ile ya kwanza, yenye gurudumu la nyuma kama yai, ndiyo aliyoichagua, akaniambia niitie laminesheni. Ameifunga kwenye tangi la mafuta kwa selotepu, na abiria wakimuuliza nani kachora, ananitaja jina na kibanda.